Makumbusho ya Misheni Bagamoyo: huyu padre Mungu amzidishie

Aisee kama mnapanga kupeleka kikundi Bagamoyo msiishie bichi na kula pweza tu, nendeni misheni. Sisi tulikuwa vijana wa VIWAWA (umoja wa vijana Wakatoliki) toka Dar, tukapanda gari kituo cha Makumbusho hukohuko Dar, tukashuka stendi tukachukua bajaji, na pale tukatembezwa na padre mmoja ambaye ndo kanifanya niandike yote haya.

Historia yenyewe ni nzito, mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka toka Zanzibar 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao, wakaanzisha misheni na kijiji cha waliokombolewa utumwani. Sasa wengi wetu tumekua tunasikia ule mnyororo uliomezwa na mbuyu pale misheni ndo walikuwa wanafungiwa watumwa, padre akatusogeza hadi kwenye shina, chuma kimebaki kipande tu kinachungulia kwenye gome, dada mmoja akaanza kulia kabisa. Padre akamsubiri atulie, halafu akasema taratibu kwamba mbuyu ulipandwa na wamisionari wenyewe, na mnyororo aliufunga Madame Chevalier, aliyekuwa anahudumia wagonjwa pale, wa kumfungia punda wake. Yaani angeweza kunyamaza, stori ile wageni wanaipenda, ila hakunyamaza, akasema yaliyowapata watu wale yanatosha hatuna haja ya kuongezea chumvi. Mi hapo ndo nilimheshimu.

Kijana wetu mwingine akauliza, sasa kutoa hela kununua watu si ndo kuikuza biashara yenyewe? Nikaogopa atakasirika. Wala! Akakubali hela kweli zilitolewa, na wengi walionunuliwa walikuwa watoto, na maisha kijijini yalikuwa sala, shamba, ufundi, kwa ratiba kali, akatuacha tubishane palepale chini ya miembe na yeye anasikiliza tu, anaingilia pale mtu akikosea mwaka.

Kanisa kubwa na makaburi ya wamisionari tulipita harakaharaka jua lilikuwa kali, ila mnarani, pale mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi toka Uskoti, ulipolazwa Februari 1874, padre alitaka tuyataje majina ya watumishi wake Chuma na Susi kwa sauti, maana hao na wenzao ndo waliobeba maiti kwa miguu miezi na miezi toka huko ambako leo ni Zambia. Dereva wetu wa bajaji, mzee wa Kiislamu, alishaamkiwa shikamoo na padre kabla yetu sote na akakaribishwa kutembea na sisi, naye akachangia mengi ya Bagamoyo ambayo hayapo kwenye maandishi ya ukutani.

Kwangu nyota tano zote. Ulizeni mapema ofisi ya parokia kama kuna padre wa kuwatembeza, nendeni asubuhi, bebeni maji, na vijana wenye maswali magumu msiwaache nyumbani.