Lenzi ya mara 10 kwa mabuu wa bustanini: uzoefu wangu hapa Tabata

Nyuma ya nyumba nina chainizi, sukuma wiki, mchicha, nyanya kwenye viroba, na mndimu uliokwishapita paa. Lenzi ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo ya kukunja, inayokuza kitu mara 10, ambayo masonara hukagulia vito na mafundi simu huangalizia saketi. Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye duka la vifaa vya mafundi simu, kwa shilingi 18,000 baada ya kupatana. Tangu masika yaliyopita sipulizi dawa yoyote kabla ya kumwangalia mdudu kwa lenzi hii, na ninanunua dawa kidogo sana kuliko zamani.

Ukienda duka la pembejeo ukasema "kuna wadudu wanamaliza mboga", mara nyingi utapewa kichupa kinachoua kila kinachotambaa. Muuzaji hana kosa, maana hukumpelekea mdudu. Kwa macho matupu buu ni buu: mrefu, laini, anatambaa. Lakini wapo wanaokula jani na wapo wanaokula wale wanaolifyonza jani, na kumtofautisha huyu na yule inabidi uone miguu.

Miguu ndiyo kila kitu. Kiwavi, yaani mtoto wa nondo au kipepeo, ana jozi tatu za miguu yenye viungo karibu na kichwa. Nyuma yake, tumboni, ana vimiguu vya nyama, kwa kawaida jozi mbili hadi tano. Ukimgeuza chini ya lenzi utaona kwenye nyayo za vimiguu hivyo safu ya vindoano vidogo sana, ndivyo vinavyomshikiza kwenye jani. Mara ya kwanza kuviona niliita watoto wote waje waangalie.

Sasa, kwenye chainizi na figili huwa anatokea buu mweusimweusi wa kijani ambaye kila mtu humwita kiwavi. Mhesabu vimiguu vya tumboni. Akiwa na jozi sita au zaidi, na havina vindoano, huyo si kiwavi. Ni mtoto wa mdudu wa ukoo wa nyuki na nyigu, na jamii inayopenda mboga za kabichi huku kwetu inaitwa Athalia. Mtu anaweza kusema mdudu ni mdudu, wote wanakula mboga. Tofauti iko kwenye dawa: ile dawa ya bakteria inayoitwa Bt, ambayo wengi tunaipenda kwa sababu haidhuru nyuki, inayouzwa kwa ajili ya viwavi inaua viwavi tu. Ukimpulizia Athalia umemwaga hela. Hao mimi nawaokota kwa mkono asubuhi, nawatia kwenye maji ya sabuni.

Buu asiye na miguu kabisa anahitaji uangalifu zaidi. Kwenye sukuma wiki iliyojaa vidukari, hawa tunaowaita wadudu mafuta, utakuta kitu kama tone la kamasi, kijani au rangi ya maziwa, chembamba upande mmoja, na kichwa huoni. Ukitulia na lenzi utamwona akimnyanyua kidukari mmoja na kumfyonza hadi ibaki ngozi. Huyo ni mtoto wa yule inzi mwenye mistari ya njano anayeelea hewani palepale juu ya maua. Mwenzake ni mweusi, ana miguu sita mirefu na madoa ya rangi ya chungwa, sura yake inatisha kidogo kama mamba. Ni mtoto wa mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza mboga, alikuwa na bomba la dawa mgongoni tayari nilipompa lenzi. Akaangalia kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, kumbe hawa nilikuwa nawaua kila wiki." Inaniuma kufikiria ni bustani ngapi za mji huu zinawaua wasaidizi wake namna hiyo.

Kwenye nyanya lenzi inasaidia kwa njia nyingine. Mistari myembamba iliyopindapinda ndani ya jani huwa ni kazi ya mtoto wa inzi, hana miguu, na mmea wenye nguvu unamvumilia. Kantangaze, yule mtoto wa nondo anayeshambulia nyanya, hula jani kwa mabaka mapana, na ukilichana baka ukaelekeza kwenye mwanga utaona buu mwenye miguu na utepe mweusi nyuma ya kichwa. Huyo usimpe hata siku moja. Toa jani, lifunge kwenye mfuko, usilitupe kwenye mboji. Wenye mahindi watafute kichwani alama ya Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia: ni kiwavijeshi vamizi.

Mndimu wangu una viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege wakiwa wadogo, kisha wanakuwa kijani. Ukiwagusa wanatoa pembe laini ya rangi ya chungwa yenye harufu kali. Ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, Papilio demodocus. Mti mkubwa hauna shida nao, nawaacha. Mche mdogo wa ndimu wanaweza kuupukutisha majani yote, hapo nawahamishia kwenye mti mkubwa.

Namna ya kutumia: watu wengi hushika lenzi mbali na jicho kama wanasoma gazeti. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha mlete mdudu kwenye lenzi hadi aonekane vizuri. Mimi namtia kwenye kopo angavu la plastiki, nageuza kopo nione tumbo, na akihangaika sana naliweka kwenye friji dakika chache apoe. Wenye manyoya usiwaguse kwa mkono mtupu, wengine wanawasha vibaya. Nikishindwa, naiegesha kamera ya simu kwenye lenzi, napiga picha ya kichwa na ya tumbo, kisha naipeleka iNaturalist, ule mradi wa bure ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley mwaka 2008. Picha inayoonyesha miguu inawarahisishia kazi wanaotambua wadudu kule.

Kasoro zipo. Kwa joto letu, jasho la uso linatia ukungu kwenye kioo kila baada ya muda mfupi. Skrubu ya bawaba ililegea mapema, nikaikaza kwa bisibisi ya miwani. Na muuzaji alinisisitizia nichukue iliyoandikwa mara 30 kwa bei ileile. Nilipoipima, picha ilitulia mdudu akiwa kama sentimita 2 na nusu kutoka kwenye kioo, na huo ni umbali wa lenzi ya mara 10. Ya mara 30 ya kweli ingetaka chini ya sentimita moja. Kwa hiyo nenda na jani na rula, uipimie hapohapo dukani kabla ya kutoa hela.