Ulinzi wa Asiyepigana: Wasia wa Abubakar na Mkataba wa Geneva
Muumini wa Eastleigh, Nairobi, anayeuliza ni nini kinachomlinda raia vitani ana misingi miwili mbele yake. Khalifa Abubakar, alipotuma jeshi Shamu (eneo la Syria na jirani zake) katika karne ya 7, aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, lisikate mti wenye matunda, na liwaache watawa waliojitenga kwa ibada. Naam, hata mti ulikumbukwa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ambao Kenya imeuridhia, unazilazimu nchi kumsaka na kumshtaki anayeua raia kwa makusudi. Kwa kijana wa madrasa ningetanguliza wasia, kwani humfunga mtu kwa imani yake. Kwa kamanda aliyekwisha kuua, ningeshika mkataba.