Ukweli wa mgahawani na ukweli wa dalali katika The Simpsons

Katika katuni ya The Simpsons kuna vipindi viwili vinavyoonyesha jinsi mtu anavyopotoshwa kwa maneno ya kweli.

Katika kile cha 1992, mgahawa wa vyakula vya baharini unatangaza kula kadiri uwezavyo. Homer, baba wa familia ya Simpson, anakula mpaka muda wa kufunga, na bado hajatosheka. Anaburutwa nje, naye anaushtaki mgahawa mahakamani. Sioni hila kubwa hapo: tangazo liko ukutani, kila mtu analisoma.

Cha 1997 ndicho kinachoniuma. Marge, mke wa Homer, amekuwa dalali wa nyumba, na bosi wake Lionel Hutz anamfundisha lugha ya kazi. Kijumba chembamba kisiitwe kidogo, bali chenye joto la nyumbani. Kibanda kilichochakaa kiwe cha kiasili. Kisha inakuja picha ya nyumba inayowaka moto, naye Hutz anasema huyo ni mwenye nyumba aliye tayari kabisa kuuza! Naam, ni kweli, nani asingeuza?

Mgahawa uliahidi kupita kiasi. Dalali anageuza kasoro kuwa sifa, kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Akitishiwa kufukuzwa kazi, Marge anaiuzia familia ya Flanders nyumba iliyofanyika mauaji bila kuyagusia. Homer angalau alijua anachogombea. Akina Flanders hawakujua hata cha kuuliza, mpaka Marge aliposhindwa kuvumilia akarudi kuwaambia.