Ramani za bure zilinionyesha shamba la babu, ajenti wa kulipwa alikula pesa zetu

Kwa miaka 31 nilikuwa mshika mnyororo kwenye timu za upimaji ardhi hapa Malindi, kuanzia Ganda mpaka ng'ambo ya mto Sabaki. Nilifyeka njia ya kuonea, nilivuta mnyororo wa kupimia, nilifukua bikoni, yaani alama za mipaka, zilizofunikwa na mchanga. Kwa hiyo nikiisifu ramani, naisifu kama mtu aliyeitolea jasho. Leo nataka kuzisifu ramani za zamani za Uingereza ambazo National Library of Scotland, maktaba ya taifa ya Scotland, imeziweka mtandaoni, kila mtu azitazame bila kulipa. Pia nataka kuwaonya wenzangu wenye damu ya huko kabla hawajatoa pesa zao kwa mtu.

Baba yake mama yangu alikuwa Mwingereza. Alizaliwa Devon, kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1889, akafika pwani hii mwaka 1912, akafanya kazi ya mashamba upande wa Magarini, akaoa hapa na kuzikwa hapa. Mama alitusimulia mambo mawili tu juu ya kwao. La kwanza, kwao kulikuwa na shamba. La pili, udongo wa huko ni mwekundu kama wa Magarini, na babu alikuwa na tabia ya kuuchota kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, kisha akaurudisha pale pale alipoutoa. Jina la shamba tulilijua kwa matamshi ya mama, yaani matamshi ya Shela, mtaa wa hapa Malindi. Mwingereza hangelitambua.

Hilo la kwanza ndilo lililotuponza. Miaka ikienda, "kwao kulikuwa na shamba" ikageuka "tuna shamba Uingereza". Ndipo akatokea ajenti wa kwenye simu, anayesema anafuatilia mirathi ya Waingereza waliofia Afrika. Alitaka shilingi 45,000 afungue faili. Binamu zangu wakachanga, nami nikatoa 7,000. Baada ya miezi mitatu alituletea mchoro wa ukoo wenye nembo ya simba, pamoja na picha ya nyumba ya mawe isiyo na jina la kijiji. Hakukuwa na namba yoyote. Karatasi ya ardhi isiyo na namba ya ploti wala kipimo mimi siihesabu kuwa karatasi ya ardhi, nikamwambia hivyo. Hakupokea simu tena.

Nikaanza upya, safari hii kwa mikono yangu. Mpwa wangu aliniazima laptopu usiku, wakati bando ni rahisi. Hatua ya kwanza haikuwa ramani, ilikuwa cheti cha kuzaliwa. England na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837, na faharasa ya General Register Office, ofisi ya serikali inayotunza kumbukumbu hizo, unaipekua bure ukishajisajili. Uzuri wake ni kwamba inaonyesha jina la ukoo wa mama wa mtoto. Bibi mzaa babu tulilijua jina lake la kwao, basi kati ya wavulana sita wenye jina moja nikabakiwa na mmoja. Nakala ya PDF ilikuwa pauni 8, mpwa wangu akalipa kwa kadi yake nami nikamrudishia kwa M-Pesa. Kwenye safu ya mahali alipozaliwa paliandikwa jina la shamba na parokia, karibu na mji wa Crediton. Nililitamka kwa sauti mara mbili, kisha nikalisikia. Lilikuwa jina lile lile la mama, limevaa herufi nyingine. Hapa sitaliandika, maana lile shamba lina watu wanaoishi humo leo.

Kisha sensa. Ya 1881 inasomwa bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo. Sensa za miaka ile ziliwataka wakulima wataje ukubwa wa shamba na idadi ya watu waliowaajiri, na baba yake babu aliandikwa mkulima wa eka 84, ameajiri mwanamume 1 na mvulana 1. Eka 84! Binamu zangu walipoisikia hiyo, kundi letu la WhatsApp halikulala.

Sasa ramani. Ingia kwenye tovuti ya maktaba hiyo, utafute ramani za Ordnance Survey, idara ya taifa ya ramani ya Uingereza, za inchi 25 kwa maili. Hicho ni kipimo cha 1:2500, kile kile cha ramani nyingi za ploti nilizozikunja na kuzikunjua maisha yangu yote. Unaweza kuweka karatasi ya zamani upande mmoja na picha ya setilaiti ya leo upande wa pili. Ukisogeza huku, na kule kunasogea. Unaweza pia kuzilaza moja juu ya nyingine na kuififisha ya juu polepole mpaka ya chini itokeze. Kwa simu yangu ndogo ilikuwa tabu kuona, lakini kwa laptopu nilikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Jamani, wale wapimaji wa miaka ya 1880 walifanya kazi. Kila konde lina namba yake, na chini ya namba ni ukubwa wake kwa eka mpaka tarakimu tatu baada ya nukta. Mti uliosimama peke yake kwenye ua wa vichaka umechorwa peke yake. Bustani za matufaha zimewekewa miti midogo iliyopangwa kwa safu. Ukiona herufi W karibu na nyumba, hicho ni kisima, na P ni bomba la kuvuta maji kwa mkono. Shamba la babu lilikuwa na nyumba, mabanda matatu yaliyozunguka ua, bustani mbili za matufaha, na W moja ndani ya konde la upande wa kusini. Nilipoifunua setilaiti chini yake, nyumba ilikuwa pale pale, ua pale pale. Matufaha hayapo. Nyua tatu za vichaka zimeng'olewa na makonde manne yamekuwa uwanja mmoja. Na pale trekta lilipokuwa limelima karibuni, udongo ulikuwa mwekundu.

Niliita mke wangu aje aone.

Hata hivyo ramani hiyo haisemi shamba ni la nani, na hapa ndipo watu wengi huishia, ajenti wetu hata hapa hakufika. Kwa swali la mwenyewe unahitaji ramani za fungu la kumi. Zamani wakulima wa Uingereza walilipa kanisa sehemu ya kumi ya mavuno na ya mifugo. Sheria ya mwaka 1836 iliamua malipo hayo yawe ya fedha, basi ikabidi parokia zilizohusika zipimwe konde kwa konde na kuandikwa. Nakala zilitolewa tatu: moja ya serikali, moja ya askofu, moja ya parokia. Kaunti ya Devon imeziweka zake mtandaoni, nazo ni bure. Pamoja na ramani kuna daftari lenye safu: mwenye ardhi, anayeikalia, namba, jina la konde, linalimwa nini, ukubwa, na kiasi cha fedha cha kulipa. Namba za ramani hizi si zile za Ordnance Survey, kwa hiyo usizichanganye. Linganisha umbo la konde.

Majina ya makonde yalinikalisha kitako. Kuna Long Close, Barn Close, Furze Park, Well Park. Mwanzoni nilidhani Park ni bustani ya kupumzikia watu. Kumbe kwa Devon ni konde lililozungushiwa ua, basi. Furze Park ni konde la vichaka vya miiba, na Well Park ni konde la kisima, yaani Kisimani. Sisi nasi kwa Ganda tuna Kisimani, tuna Mwembeni, tuna Mnazi Mmoja ambapo siku hizi hakuna mnazi hata huo mmoja. Majina kama hayo niliyasikia kwa wazee nikiwa nimeshika mnyororo, na hakuna safu yoyote ya kuyaandika. Tuliandika namba tu, tukaendelea.

Konde la Kisimani la babu, daftari la 1842 linasema ni eka 3, rudi 1, pachi 22. Pachi 40 ni rudi moja, rudi 4 ni eka. Nikapiga hesabu kwenye kisanduku cha sigara kama enzi zangu, nikapata eka 3.387 na kidogo. Ordnance Survey, miaka zaidi ya arobaini baadaye, wameandika 3.391. Tofauti haifiki pachi moja! Na yule wa 1842 alipima kwa mnyororo wa futi 66 wenye pingu 100, mnyororo wa urefu ule ule nilioushika mimi nilipoanza kazi. Anayejua kuvuta mnyororo kwenye mteremko, huku kuna vichaka na ng'ombe, ataelewa kwa nini nilimwombea dua mtu nisiyemjua.

Kisha nikasoma safu mbili za kwanza. Anayeikalia: babu yake babu yangu, jina kamili. Mwenye ardhi: mtu mwingine kabisa, ambaye jina lake linajirudia ukurasa baada ya ukurasa, nusu ya parokia ni yake.

Walikuwa wapangaji. Eka 84 zile walizilima, wakazilipia, wala hazikuwa zao. Nikarudi kwenye sensa. Ya 1891 bado wamo shambani, babu ana miaka miwili. Ya 1901 hawamo: wanakaa mjini kwenye nyumba ya vyumba viwili, na baba mtu ameandikwa kibarua. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilikuwa imeshusha bei huko, na wapangaji wengi walishindwa kulipa kodi. Wosia sikuutafuta sana, kwa sababu nyaraka za wosia zilizokuwa zimehifadhiwa Exeter ziliteketea mji ulipopigwa mabomu mwaka 1942. Ajenti yeyote atakayekuambia ameona wosia wa Devon wa karne ya 18, mwulize ameuona wapi.

Kuwaeleza binamu zangu ilikuwa kazi. Mmoja alinambia nimeuza haki ya familia. Nikampa namba za makonde, nikamwambia asome mwenyewe safu ya kwanza. Amenyamaza tangu Ramadhani.

Kwa upande wangu, jambo hili limenikaa moyoni kwa namna nyingine. Upande wa baba yangu ni watu wa Ganda. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi pwani hii: mwenye ardhi aje adai, na isiyodaiwa ni mali ya serikali. Wazee wa baba hawakudai, maana hawakujua kwamba mahali walipozikwa baba zao panahitaji kudaiwa. Mpaka leo tunaitwa maskwota. Babu Mwingereza alifika miaka minne tu baada ya sheria hiyo, naye ametoka katika watu waliolima vizazi vitatu ardhi isiyo yao. Mama alikuwa akisema babu hakupenda kuona mtu akihamishwa, kwamba aliwahi kugombana na mkubwa wake kazini kwa sababu hiyo, lakini hakueleza zaidi. Sasa naona alikuwa na kumbukumbu yake.

Lakini tazama: yule mpangaji wa 1842 hakuwa na ardhi, na jina lake lipo. Kuna konde lake, kisima chake, pachi zake 22. Nilifukua bikoni za mashamba ya watu miaka 31 na sijui karatasi hata moja inayomtaja babu yangu wa Ganda kama anayeikalia. Hiyo safu ya pili, ya anayeikalia, ningependa daftari zetu ziwe nayo.

Huduma yenyewe naipa nyota tano, nasema hivyo kama fundi. Usilipe mtu akupeleke mahali ambapo mlango uko wazi. Kama lazima ulipe, lipia cheti kimoja cha kuzaliwa, ndicho kinachokupa jina la shamba na la parokia. Ramani inachukua data nyingi, GB moja iliniishia nikiwa bado kwenye bustani ya pili ya matufaha. Kilichobaki kwangu ni ule uchunguzi wa mashamba wa 1941 hadi 1943, uliopitia kila shamba la eka 5 na zaidi England na Wales, na kuandika hata kama kuna umeme na maji yanatoka wapi. Unatunzwa Kew, London, kwenye National Archives. Hapo itabidi kuagiza nakala au kumtuma mtu.

Nilichapisha ramani kwenye saiba moja karibu na soko la zamani, karatasi kubwa, shilingi 150, nikampelekea mama mdogo, ambaye ndiye mtoto pekee wa babu aliye hai. Macho yake hayaoni vizuri. Baada ya shikamoo nilimshika kidole nikakiweka juu ya ile W. Akauliza, "Hiki ni nini?" Nikamwambia kisima. Akakaa kimya, kisha akasema baba yake alikuwa akilalamika maji ya Malindi yana chumvi, kwamba kwao kulikuwa na kisima cha maji baridi mpaka meno yanauma, na njia ya kwenda kisimani unaiteremka kutoka mlango wa jikoni.

Nilitazama. Mlango sikuuona, ramani haichori milango. Lakini njia ipo, vistari viwili vya nukta, kutoka nyumbani kushuka kusini.

Ramani hiyo sasa iko ukutani kwake. Mkichapisha zenu, zitieni plastiki siku hiyo hiyo, hewa ya bahari hapa hula karatasi.