Matone, mafuta, plasta au kifuniko: kipi kinalinda jicho lisilofumba?

Uso ukipooza ghafla upande mmoja, wengi huhangaikia mdomo uliopinda. Jicho ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mshipa wa fahamu wa uso ukivimba ndani ya mfereji wake mwembamba wa mfupa, misuli ya kufumba jicho hulegea, machozi hayasambai, na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hukauka hadi kuchubuka. Uso wa wagonjwa wengi hupona baada ya wiki au miezi kadhaa, lakini kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu la kudumu.

Matone ya kulainisha jicho ni ya mchana. Nunua yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia dawa isiharibike), yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Jicho lililopooza huhitaji matone kila saa moja au mbili, na kwa kasi hiyo kihifadhi kama benzalkoniamu huwasha na kuchubua konea. Jeli hukaa muda mrefu kuliko matone. Mafuta mazito ya macho hukaa zaidi ya yote, ila huleta ukungu, kwa hiyo yaache kwa ajili ya usiku.

Usiku, plasta ya karatasi inashinda vyote, tena ni rahisi kupatikana. Weka kama sentimita 1 ya mafuta ndani ya kope la chini. Futa kabisa yaliyovuja kwenye ngozi, maana hapo ndipo wengi hukosea: plasta haishiki penye mafuta na usiku wa manane jicho hufunguka chini yake. Tazama chini, shusha kope la juu kwa kidole, kisha bandika plasta kwa mshazari kutoka kope hilo hadi kwenye mfupa wa shavu. Kunja ncha yake kidogo upate pa kushika asubuhi. Mtu akutazame: akiona weupe wa jicho, bandua uanze upya. Usiweke pamba wala shashi moja kwa moja juu ya jicho. Likifunguka, itaikwaruza konea.

Kifuniko cha plastiki angavu chenye gundi pembeni tunakipa nafasi ya pili. Kinahifadhi unyevu na kinamfaa ambaye ngozi yake haipatani na plasta. Lakini hakifumbi jicho, hivyo mafuta bado ni lazima, na ukingo ukiachia karibu na pua, hewa huingia.

Vimashine vya kusisimua misuli kwa umeme hatuvipendekezi. Ushahidi wake ni dhaifu.

Hakuna kati ya hivi kinachotibu mshipa wa fahamu wenyewe. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, huandikwa na daktari, na hufaa ikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso upooze. Kama paji la uso bado linakunjamana upande uliopooza, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, hiyo huenda ni kiharusi: nenda hospitali mara moja. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au ukungu usipoondoka mafuta yakishafutwa, muone daktari wa macho siku hiyohiyo.