Uzoefu wangu: fundi kaigusa Browning ya marehemu mzee bila kuniambia

Nina hasira bado, mnivumilie nikirukaruka. Hii bastola yangu, Browning Hi-Power, niliachiwa na marehemu baba, alikuwa anatembea nayo enzi zile anatoa hela za samaki soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kupeleka benki, na kibali cha kuihamishia jina langu nilikifuatilia polisi mpaka soli za viatu zikaisha. Naipenda mno. Ukiishika inakaa kiganjani kama mpini wa jembe ulioshikwa miaka na miaka. Hizi bastola za plastiki kama Glock nimezishika, nyepesi sawa, ila ni kama umeshika drili.

Sasa majuzi triga nikaona nzito nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina naliacha. Hata karibu hakuna, anakunywa chai yake, akaigeuza mara moja tu akasema "kaka hiki chuma cha makumbusho, tafuta Glock." Nikanyamaza. Siku ya kuichukua kaniambia nimekulainishia, kapokea hela, basi.

Nyumbani nikafanya alivyonifundisha mzee, toa magazini (lile kasha la risasi), kagua chemba mara mbili, elekeza kwenye mfuko wa mchanga, vuta. Maisha yangu yote hiyo bastola haijawahi kuachia nyundo magazini ikiwa nje. Siku hiyo ikagonga, ta! Nikaishiwa nguvu. Ile sefti ya magazini, kile kipande kinachozuia isipige magazini ikiwa nje, kaichomoa yote na hajasema neno, na mimi nina watoto ndani, na mkono wangu umezoea miaka yote kwamba magazini ikitoka haipigi! Nampigia ananijibu "kila mtu anakitoa hicho, shida yako nini", akakata simu.

Chuma cha makumbusho ananiambia mimi. John Browning alifariki 1926 hajaimaliza, Mbelgiji Dieudonné Saive ndo akaikamilisha, ikatoka 1935, na Vita ya Pili ilibebwa na pande zote mbili maana Wajerumani waliteka kiwanda cha Ubelgiji na huku Canada wanawatengenezea wenzao. Kiwanda kilikuja kuacha kuitengeneza, watu wakaililia, 2022 wakatoa nyingine. Kitu cha makumbusho kinaliliwa hivyo?

Ila nisiseme uongo, na hapa ndo panaponiuma zaidi: triga imekuwa tamu ajabu. Hiyo sefti jeshi la Wafaransa ndo lilitaka iwekwe, halafu bastola yenyewe wasiichukue, na ni kweli ndo inayofanya triga ikwaruze, hata hiyo mpya ya 2022 haina. Kwa hiyo mkono wa fundi ni mzuri, nilitaka kumpa alama sifuri nikaona simtendei haki, nikasema labda nimpe nusu.

Nusu yenyewe nimeifuta. Juzi nimeenda kudai kipande changu, akakipekua kwenye kopo la skrubu na misumari, akanirushia mezani kama anamtupia kuku punje. Kitu cha baba yangu! Angeniuliza tu kabla hajakigusa, pengine ningemwambia toa.

Sasa kiko kwenye bahasha ndani ya kabati la chuma. Kama kuna mtu Kanda ya Ziwa hii anamjua fundi mwenye leseni anayezielewa Browning aniambie, nataka kirudishwe, triga ikiwa nzito tena acha iwe nzito.