TAHADHARI: Anayeuza pete za chuma za "kupunguza mafuta" ni tapeli

Ndugu zangu, nimeibiwa mchana kweupe. Kuna mtu anazunguka na pete nzito za chuma za kufunga kwenye magurudumu, anaziita flaiwili za nje (flaiwili ni gurudumu zito linalotunza nguvu likizunguka), na anaapa kwamba gari litakula robo pungufu ya mafuta. Uongo mtupu. Msimpe hata senti.

Wanaonifahamu wanajua mafuta yalivyonikaba, ndiyo maana nilimsikiliza.

Alipiga jeki gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono mmoja. "Kaka, hesabu mwenyewe." Nikahesabu: sekunde 9, likasimama. Akafunga pete yake, kilo 7, rangi bado inanukia. Akashika tairi kwa mikono miwili, akalivuta mara tatu, nne, kisha akaachia. Nikahesabu hadi 31 na bado linazunguka! "Unaona? Likishaanza, halitaki tena mafuta." Nilimwona anavyohema, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamdondoka kwenye viatu. Nilimwona kwa macho yangu, lakini akili ilikuwa kwenye gurudumu. Zile sekunde zote zilitoka mikononi mwake. Barabarani hakuna mikono yake, kuna petroli yangu.

Msiniambie nilikuwa na tamaa. Yule mtu anajua kupanga maneno. Alinieleza habari za basi la Gyrobus, lililoanza kubeba abiria Yverdon, Uswisi, mwaka 1953, likienda kwa nguvu za gurudumu la tani moja na nusu lililofichwa chini ya sakafu, na kwamba mabasi ya aina hiyo yalifika hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Akanitajia Volvo, waliojaribu gurudumu la namna hiyo kwenye gari dogo na mwaka 2013 wakatangaza kuwa linaweza kupunguza mafuta hadi asilimia 25. Nikatafuta kwenye simu palepale mbele yake. Yote kweli! Ningemkataaje?

Asichosema ni kwamba Gyrobus lilikuwa likisimama vituoni kuchajiwa umeme ndipo gurudumu lizunguke. Na lile la Volvo lina gia zake lenyewe: gari likifunga breki, linachukua ule mwendo na kuutunza, kisha linaurudisha wakati wa kuondoka. Pete iliyokazwa kwenye rimu inatunza nini? Gurudumu likisimama, nayo imesimama, na nguvu yote imeishia kuwa joto kwenye breki. Ukiondoka unalipa upya. Tena uzito wa ukingoni mwa gurudumu ni mbaya kuliko mzigo wa kwenye buti, maana injini inausukuma mbele na wakati huohuo inauzungusha. Wakati wa kuongeza mwendo unahesabika karibu mara mbili.

Nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita. Sasa napata 10. Breki zimekuwa nzito, usukani unatetemeka nikifika 80. Nilipompelekea fundi wangu gari, alifungua kofia ya rimu, akanyamaza kidogo, akaniita: "Mzee, njoo uone." Kwa unene wa ile pete, nati zilikuwa zimeshika meno matatu tu ya bolti. Moja haikuwepo kabisa. Nimebeba watoto wiki nzima kwenye gari hilo.

Dalili zilikuwepo. Nilipomwomba tujaze tangi, tutembee, tupime lita, alisema pete "inahitaji kuzoea" mwezi mzima. Risiti haina jina. Dhamana ni ya mdomo. Na alikuwa na haraka ya kufunga zote nne kabla sijapiga simu kwa fundi. Alitaka hata kushusha gia boksi aniwekee flaiwili nzito kwenye injini. Hapo namshukuru Mungu nilikataa.

Huyu mtu akamatwe. Si arudishe hela tu, ashitakiwe kama anayetaka kuua, maana gurudumu likichomoka kwenye mteremko hakuna wa kusimulia. Anyang'anywe hizo pete zote. Simu yangu hapokei tena, lakini pete nne ninazo na picha za bolti ninazo, na polisi nimeshafika. Mliofungiwa kama mimi, njooni tuandikishe pamoja. Na gari lisitoke hapo lilipo mpaka fundi atoe pete na kukaza nati upya.